Abba, Wameniuliza Kisima cha Waso Ulimwachia Nani

Abba mpendwa,

Wazee wa Merti wameniuliza swali ambalo lilikuwa lako kulijibu, ila wewe umekwishalala kaburini. Walirekodi sauti zao kwenye simu ya Halake, mtoto wa ndugu yako, akanitumia. Waliuliza hivi: siku ile tulipokuwa wawili peke yetu garini, kutoka Riyadh kwenda Makka, ulisema kisima utamwachia nani? Mafuriko yamekifukia mpaka mdomoni, kiangazi kinakuja, na kwetu kisima hakichimbuliwi upya mpaka mwenyewe ajulikane. Wakasema neno lako ndilo litakalofuatwa, hata kama ulimtaja binti. Na neno lako, wanavyoamini wao, liko kwangu.

Nimekwisha kuwajibu. Habari za jibu langu zimefika Isiolo, zimefika mpaka Eastleigh, na kuna ndugu zetu wananiita mjinga kwa sauti wasiyojali kama nitaisikia. Ndiyo sababu barua hii naiacha wazi, asome atakaye. Lakini ninayesema naye ni wewe. Naandika kwa Kiswahili, lugha uliyoiokota soko la mifugo la Isiolo ukibishania mbuzi, kwa kuwa Kiborana changu ni cha mdomoni tu; kwenye karatasi kinanishinda, nawe ulikuwa unanicheka kwa hilo.

Ulikuja mwaka ule ambao Riyadh yote ilikuwa inajifunza kutembea upya. Majumba ya sinema yalikuwa yanafunguliwa, na sisi wanawake tulikuwa tumeanza kushika usukani. Mimi nilikuwa na leseni mpya na gari kuukuu la mtumba. Nilikupokea uwanja wa ndege, nikakufungulia mlango wa mbele, ukaketi na fimbo yako katikati ya magoti. Ukangoja. Nilipoingia upande wa usukani ukageuka ukatazama kiti cha nyuma, ukidhani dereva amejificha huko.

"Nani anaendesha?"

"Mimi, Abba."

"Kafili wako anajua?"

Nikakuambia mwajiri wangu anajua, serikali inajua, na mfalme mwenyewe anajua. Ukasema basi kama mfalme anajua, twende, lakini polepole. Mpaka tunafika nyumbani ulikuwa umelishika lile gari kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa najizuia nisicheke.

Siku mbili zikapita ukachoka na kuta. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe ya tatu ulilidai mwenyewe. Kwa kuwa hapakuwa na la kulima, nilikupeleka mtaa wa Manfuha tukatafute buni za kukaanga na samli, kama mama alivyokuwa akikufanyia. Unajua kilichotokea. Tulikuwa kwenye kichochoro cha maduka madogo, wewe ukasimama ghafla, ukainua kichwa. Muuza buni na mwenzake walikuwa wanazungumza, nawe ukawaelewa. Walikuwa Waoromo wa Ethiopia, wamekuja kutafuta riziki, na lugha yao na yetu ni ndugu wa tumbo moja. Uliwaamkia, wakaruka kutoka kwenye magunia yao kukushika mkono. Sijawahi kukuona umefurahi hivyo tangu mama afariki.

Kisha yule muuza buni akakuuliza unatoka wapi. Ukasema, "Waso." Akauliza Waso ni mji gani. Ukasema si mji, ni mto. Akauliza mto huo unaingia bahari gani. Ukasema hauingii bahari yoyote. Yule kijana hakuwa na ubaya, alicheka tu, akasema mto usiofika popote si mto, ni mkojo wa ngamia. Ulicheka naye kwa adabu. Kahawa yake uliimaliza, lakini usiku uliniambia hutaki tena kupanda ndege kwenda umra. Ulitaka twende kwa gari, ili uione nchi na mimi nikusikilize.

Nikaomba ruhusa hospitalini ninakouguza. Tukaondoka baada ya alfajiri.

Barabara ya Taif, Abba, ni ndefu na imenyooka, na kila baada ya mwendo kidogo kuna daraja juu ya mchanga mtupu, na kando yake kibao cha buluu chenye jina la wadi, mto mkavu. Daraja la kwanza uligeuka kulitazama. La pili ukauliza, "Hili wamelijenga la nini?" Nikakuambia mvua ikinyesha maji hupita. Ukaniuliza lini mara ya mwisho. Sikujua. La tatu ulinisimamisha. Ukashuka ngazi ya mawe, ukapiga magoti chini ya daraja, ukaanza kuchimba mchanga kwa mikono kama mtu aliyepoteza pete. Nilikuwa bado nakusihi urudi garini, gari la polisi wa barabarani likasimama nyuma yetu. Kijana akashuka, akamwona mwanamke mwenye funguo za gari na mzee amejaa mchanga mpaka viwikoni.

"Fi mushkila?"

"Mafi mushkila," nikasema, hakuna tatizo. Nikajaribu kumweleza kwa Kiarabu changu cha wodini kwamba baba yangu anatafuta maji. Akaenda garini kwake, akarudi na chupa ya maji baridi, akakukabidhi kwa mikono miwili. Ulimshukuru sana. Kisha ukamwonyesha konzi ya mchanga uliyoitoa chini, ukamshikisha aone kuwa ni mbichi. Alikuwa hajui afanye nini nayo. Akaishika tu mpaka tulipoondoka.

Kutoka hapo ukaanza kunisimulia mto, kutoka juu kwenda chini. Mimi ni mtoto wa Merti, nimekunywa Waso kabla sijaota meno, na bado nusu ya mambo hayo sikuwa nayajua.

Ulianza na theluji ya Mlima Kenya na misitu ya Nyandarua, ambako maji yetu huzaliwa kwa watu wengine. Ukapita Laikipia, ukasema huko mto hunyonywa na mashamba ya maua na mifereji, na kila anayechota husema anachota kidogo tu. Ukashuka kwa Wasamburu, ambao lugha yao ndiyo iliyoupa mto jina la maji ya rangi ya udongo. Ukafika Archers Post, kwenye daraja na mikoma, na chemchemi zinazouongezea nguvu pale unapotaka kukata tamaa. Ukafika Gotu, ambako mawe meusi huubana mpaka unapiga kelele. Halafu nchi inalala tambarare, na mto unaingia kwetu: Biliqo, Bulesa, Merti, Korbesa, Iresaboru, Sericho. Uliyataja majina hayo kama mtu anayehesabu wajukuu, na kwa kila jina ulikuwa na mtu mmoja na ugomvi mmoja. Wa Biliqo ulisema hawajui kuchinja. Mwisho ukafika kinamasi cha Lorian, ambako mto hujitandaza kwenye matete na kuzama.

"Hauishi," uliniambia. "Unaingia chini. Watu wa Habaswein wanauchimba, mpaka Dadaab wanaunywa na hawajui ni wetu. Yule mtoto wa Manfuha ningemwambia hivyo, lakini alikuwa ametukaribisha kahawa."

Kumbe ulikuwa umelibeba lile neno siku zote hizo.

Tulipopita Zalim nikakuuliza habari za kisima. Si kwamba nilikitaka. Nilitaka uendelee kusema, usingizi usinichukue kwenye usukani. Ukaniambia kwamba babu hakuzaliwa Waso. Alizaliwa upande wa Wajir, kabla Mwingereza hajachora mstari wake na kuwaambia Borana wasogee huku na Wasomali wakae kule. Kisha vikaja vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, wewe ukiwa mtoto, na serikali ikawakusanya watu kambini, Merti na Garba Tulla. Ng'ombe wakafungiwa pamoja na watu, wakafa mbele ya macho ya wenyewe, na wengine wakapigwa risasi malishoni. Watu walitoka kambini na fimbo tu. Na mwaka huohuo babu akachukua koleo akaenda kwenye mchanga wa mto, akaanza kuchimba kisima cha kunyweshea ng'ombe.

"Ng'ombe gani?" nikauliza.

"Ndivyo na wao walivyomuuliza. Hakuwa na hata mbuzi. Walikuja kumwangalia kama kichekesho. Akawaambia, nyinyi chekeni, lakini shikeni na ndoo."

Akachimba, akajenga birika la udongo pembeni, akaweka na zamu: leo fulani, kesho fulani, kesho kutwa anayetoka mbali. Alipanga zamu za mifugo ambayo haikuwepo duniani. Ulisema ng'ombe wa kwanza kunywa pale alikuwa wa mtu mwingine kabisa, na babu alisimama akilia huku akimwimbia ng'ombe wa watu. Kila mafuriko yalikifukia, na kila kiangazi alikichimbua, mpaka koleo likaja mikononi mwako.

Hapo ndipo nikakuuliza, Abba. Nakumbuka nilivyosema kwa sababu nimeyarudia maneno hayo tangu wazee waniulize. Nilisema, "Na wewe utamwachia nani?" Huna mtoto wa kiume. Halake ndiye damu ya karibu, na sote tunajua Halake ana pampu ya petroli na shamba la tikiti ukingoni, na amesema waziwazi kwamba zamu ni mambo ya kale. Ukatazama nje. Kulikuwa na kibao kingine kinakuja, wadi nyingine. Ukasema, "Ngoja tuvuke daraja hili."

Tukavuka. Nilipokugeukia ulikuwa umelala.

Uliamka tulipofika As-Sail, mahali pa kuvalia ihramu, na habari ikawa ni kuoga na kutia nia. Nikakuambia jina la mahali hapo maana yake ni mafuriko, ukachangamka, ukasema basi mto ulikuwepo. Umra ukaifanya na machozi yako, nami na yangu, na sikuona adabu kukuuliza habari za kisima mbele ya Nyumba ya Mungu.

Nikasema nitakuuliza Jeddah. Jeddah tukafikia Al-Baghdadiyah, kwa Bi Time, mama wa muuguzi mwenzangu, Mzanzibari ambaye wazazi wake walihamia huko baada ya mapinduzi. Alikukirimu kwa mkate wa ufuta na pweza. Pweza ulimkimbia. "Baba, huyu si nyoka, hebu onja," alikuwa akikuambia, nawe ukasema Borana hali kitu kisichokuwa na mguu wa kuhesabika. Siku ya pili maji yakakatika jengo zima. Boza, lori la maji, likaja, na pampu ya kupandishia tangi la juu ikawa imeharibika. Watu wakashuka na ndoo: Wayemeni, Wasudani, Wapakistani, na Bi Time na beseni lake. Ukashuka na wewe. Niko dirishani nakuona unainua fimbo, unawapanga watu mstari, mwenye mtoto mchanga mbele, aliyeshuka kutoka ghorofa ya juu nyuma yake. Hukujua neno la Kiarabu zaidi ya salamu na sala, na kwa muda mfupi wakakutii, sijui kwa nini, labda kwa ndevu.

Kisha dereva wa boza akapiga honi, akataka watu waharakishe amalize. "Yalla, yalla, hajji. Halas." Mstari ukavunjika, kila mtu akasukuma ndoo yake, mpira ukaponyoka, maji yakamwagika barabarani yakatiririka kwenye mfereji. Ulisimama unayatazama.

"Haya yanakwenda wapi?" ukamuuliza Bi Time.

"Yanakwenda baharini, Baba. Bahari si hiyo hapo mbele?"

"Mto wetu mzima haujafika baharini," ukasema, "na maji ya boza yanafika."

Bi Time alicheka mpaka akashika kiuno. Wewe hukucheka. Ulipanda ngazi taratibu, ukalala ukiwa umeelekea ukutani, nami nikaona si wakati wa kukuuliza mambo ya urithi. Uwanja wa ndege, mbele ya askari wa pasi, nikajua sasa ndiyo mwisho, ukinitazama utasema. Ukanishika kichwa ukanisomea dua. Kisha ukasema, "Intala, binti yangu, lile gari lina mlio upande wa kushoto. Lipeleke kwa fundi." Hilo ndilo neno la mwisho uliloniambia ana kwa ana. Kwa simu tulisema mengi, mvua, mbuzi, goti lako, lakini kwa simu ulikuwa unapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na mambo kama hayo hayasemwi kwa kelele.

Sasa unaelewa hali yangu. Hukusema. Na mimi tu ndiye niliyejua kwamba hukusema.

Nilimweleza Akinyi, muuguzi ninayekaa naye Riyadh. Alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo, hata hakugeuka.

"Si useme tu alikuachia wewe?"

"Hakusema hivyo."

"Kwani nani alikuwa kwa gari? Wewe na yeye. Na yeye amelala, pole lakini ni ukweli. Hiyo ni kazi ya sentensi moja. Unasave mto mzima na hao ng'ombe wote."

Sitakuficha, Abba, nilitaka. Nilikaa na simu mkononi siku nzima ya mapumziko na sentensi ile ilikuwa tayari ulimini: aliniambia ni wangu. Halake angesimamisha pampu. Watu wa Sericho wakija na mifugo yao kiangazi wangekuta maji na zamu, kama zamani. Nilijiambia kwamba ungeamka pale Zalim ungesema hivyohivyo, na mimi nakumalizia tu. Kisha nikajiuliza ninajuaje. Huenda ungesema Halake. Alikaa Merti miaka yote mimi nikiwa huku kwa mkataba baada ya mkataba. Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa, na mimi sikuwapo. Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda zahanati siku gari lilipokosekana. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kukupokea. Mimi nilikuzika kwa video, picha ikikatika kila mara, nimesimama kwenye ghala la dawa ili wagonjwa wasinione.

Na kuna jingine. Maisha yako yote nilikuona ukikaa kwenye baraza la zamu, watu wakigombana nani alikuwa mbele ya nani. Hukuwa mpole; ulikuwa mkali na mkaidi, na mara nyingine ulikosea. Lakini sikukusikia hata mara moja ukimnukuu mtu asiyekuwepo. Mtu akisema, fulani aliniruhusu, ulikuwa ukijibu, basi aje aseme mwenyewe, na mpaka aje ng'ombe wako wangoje. Nikajiuliza ningemleta nani aje aseme.

Basi nikabonyeza kitufe cha sauti, nikawaamkia wazee mmojammoja, nikasema: nilimuuliza, akasema tungoje tuvuke daraja, tukavuka, akawa amelala, wala hakurudi kwenye habari hiyo mpaka alipopanda ndege. Hilo ndilo ninalolijua. Nikawasimulia na habari ya babu na ng'ombe wasiokuwepo, maana hiyo uliisema, na ni yao pia. Nikatuma kabla sijabadilisha nia.

Wakakaa, wakaamua. Pasipo na neno, kisima kinafuata damu ya kiume. Ni cha Halake.

Alinipigia mwenyewe jioni. Alikuwa amekimbia au alikuwa analia, sikutambua.

"Dada, nikwambie kitu. Sisi tulikuwa tumeshakubali. Wazee, mimi, wote. Tulidhani utasema ni wako."

"Mngeniamini?"

"Hakuna mtu angeuliza mara ya pili. Koleo ningeshika mimi, jina lingekuwa lako."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza habari ya pampu. Hakunidanganya, na hilo namshukuru. Akasema pampu ataiweka kisimani, watoto wanataka shule, tikiti haziwezi kungoja zamu. Akasema wa Sericho watapata siku yao, moja au mbili, ataona. Nikamwambia Mungu ampe nguvu ya kuchimba. Nilipokata simu nililia kwa sauti, Akinyi akaja akakaa kando yangu.

Kwa hiyo walioko Isiolo na Eastleigh wanaosema nimekitoa kisima cha baba yangu, wanasema kweli. Ningeweza kukishika kwa sentensi moja, nikakiacha kiende, na kiangazi kikiwa kikali wako ng'ombe watakaokufa nami nitajua. Nina huzuni kubwa. Sina majuto. Wanaofikiri hayo ni kitu kimoja waje tuzungumze.

Pumzika, Abba, Mwenyezi Mungu ailaze roho yako mahali pema. Hukusema, nami sikukusemea.

Ni mimi, intala yako,
Riyadh